Nani anashika mbegu? Historia fupi ya kugawana mafaili, kutoka Mtumba



Naomba radhi kwa kuadimika. Kipindi cha Bunge la bajeti kwa sisi waandishi wa Dodoma si kipindi cha kuandika mambo ya nafsi yako. Unaamka, unapanda daladala ya Mtumba, unashinda kwenye korido za wizara ukimsubiri mkurugenzi ambaye tangu saa tatu asubuhi "yuko kikaoni", jioni unarudi mjini na vumbi mpaka kwenye nyusi. Kwa wasiopafahamu, Mtumba ndiko ulikojengwa Mji wa Serikali, kama kilomita 17 kutoka katikati ya Dodoma ukiifuata barabara ya Dar es Salaam. Ulizinduliwa Aprili 2019. Kabla ya hapo wengi wetu neno mtumba lilitukumbusha robota la nguo za Ulaya tu.

Sasa juzi nilikuwa nimekaa kwenye kibanda cha chai hapa Mtumba, kompyuta imefunguka, nasubiri simu. Pembeni yangu kuna kijana anayefanya mazoezi ya kazi kwenye chumba chetu cha habari. Akachungulia kwenye kioo, akaona mstari wa kijani umejaa mpaka mwisho.

"Kaka, si limeshafika mia kwa mia? Mbona hulizimi? Linakula bando hilo."

Nikamwambia nashika mbegu. Akacheka mpaka chai ikamwagika. Kisha akauliza swali ambalo nimeulizwa mara nyingi: "Kwani torenti si wizi wa sinema?"

Nilichokuwa nagawa siku ile ni Wikipedia nzima ya Kiswahili. Watu wa mradi wa Kiwix huifunga kwenye faili moja ili mtu aisome bila mtandao, na hulitoa faili hilo kwa torenti pia. Hakuna wizi hapo. Lakini swali la kijana lilinibana kwa sababu nyingine, nitaifikia mbele. Kwanza turudi nyuma kidogo, maana wadogo zetu wamezaliwa wakakuta video inacheza tu kwenye simu na hawajui tulikotoka.

Mwaka 2004 nilikuwa darasa la saba. Kaka yangu mkubwa alikuwa anasoma Dar es Salaam, na likizo moja nilimfuata. Akanipeleka intaneti kafe moja Kariakoo. Kompyuta kumi na mbili, feni moja, na karatasi ukutani: saa moja shilingi 1,000, nusu saa 500, marufuku kushusha vitu vikubwa. Nilimuuliza kwa nini marufuku. Akanifundisha hesabu ambayo sijaisahau mpaka leo. Modemu ya laini ya simu ilipitisha kilobiti 56 kwa sekunde, tena siku ikiwa nzuri. CD moja ni megabaiti 700, yaani kilobiti milioni 5.6. Gawanya upate sekunde 100,000, ambazo ni karibu saa 28 bila kukatika hata mara moja. Kwa bei ya pale ni shilingi 28,000 kwa CD moja! Kafe nyingi za mjini zilikuwa na dishi la setilaiti lenye kasi kuliko hiyo, sawa, lakini kasi yenyewe waligawana kompyuta zote kumi na mbili. Na umeme ukikatika ukiwa asilimia 80, pole yako, unaanza moja.

Wakati sisi tunapiga hesabu hizo, huko Marekani vita ya mafaili ilikuwa imeshapigwa raundi mbili. Raundi ya kwanza ilikuwa Napster, iliyoanzishwa Juni 1999 na Shawn Fanning, kijana wa chuo mwenye miaka 18. Wazo lake lilikuwa jepesi: nyimbo zibaki kwenye kompyuta za watu, na seva ya katikati iwe kama karani anayejua nani ana nini. Ukitaka wimbo unamuuliza karani, anakuelekeza, unaenda kuuchukua kwa mwenye nao. Tatizo la karani ni kwamba anakamatika. Makampuni ya muziki yalikwenda mahakamani na Julai 2001 Napster ikazimwa. Raundi ya pili wakamuondoa karani. Gnutella ilitoka Machi 2000, zikafuata Kazaa, LimeWire na nyingine za aina hiyo, ambamo kompyuta zilikuwa zinaulizana zenyewe kwa zenyewe, huyu anamuuliza yule na yule anamuuliza mwingine. LimeWire nayo ilifungwa kwa amri ya mahakama Oktoba 2010. (Waliotengeneza Kazaa ndio hao hao walioleta Skype mwaka 2003, na miaka ya mwanzo simu za Skype zilipita kompyuta kwa kompyuta vile vile. Kwa hiyo wale waliokuwa wanaongea na ndugu zao Muscat au London kwa senti chache walikuwa wanatumia binamu wa Kazaa bila kujua. Skype yenyewe imezimwa Mei 2025. Mungu ailaze mahali pema.)

Kazi ambayo imedumu hadi leo ilianza kimya kimya. Julai 2001, mwezi ule ule Napster inazimwa, mtaalamu mmoja wa programu aitwaye Bram Cohen alitangaza kitu alichokiita BitTorrent. Hakikuwa na sehemu ya kutafuta nyimbo, wala hakikuwa na tangazo lolote la kuvutia. Kilitatua tatizo moja tu: faili kubwa linapotakiwa na watu wengi, aliye nalo anaelemewa.

Kueleza hili kwa mtu aliyesoma chuo Tanzania ni rahisi, kwa sababu wote tumepigania madesa. Fikiria darasa la watu 60. Desa la mhadhiri lina kurasa 100 na nakala ni moja tu, iko kwa kiranja. Mtihani ni kesho. Mtindo wa kawaida wa intaneti, yaani seva na wateja, ni kiranja kukaa stesheni mwenyewe na kuwatolea watu kopi mmoja mmoja, kurasa 100 mara 60. Foleni inazunguka jengo, wa mwisho anapata saa tisa usiku, na wino ukiisha ndiyo basi.

Mtindo wa Cohen ni huu: kiranja anachana desa. Wewe chukua kurasa tano za mwanzo, wewe tano zinazofuata, wewe hizi za katikati. Kila mtu anakwenda kutoa kopi za kipande chake na kuwapa wenzake, huku anapokea vyao. Baada ya muda mfupi darasa lina stesheni 60 badala ya moja. La ajabu ni kwamba kadiri watu wanavyozidi, kazi inakwenda haraka zaidi, kinyume kabisa cha foleni. Faili la torenti lenyewe, lile dogo la kilobaiti chache, halina sinema wala wimbo ndani yake. Ni kama orodha ya kurasa pamoja na muhuri wa kila ukurasa. Muhuri huo ni hesabu inayotokana na yaliyomo kwenye kipande. Mtu akikuletea kipande kilichochezewa hata herufi moja, hesabu inakataa na kinatupwa. Ndiyo maana unaweza kupokea vipande kutoka kwa watu 40 usiowajua na ukamaliza ukiwa na faili lile lile kamili.

Kuna sheria mbili ndani yake ambazo mimi huziona zina hekima ya kizee. Ya kwanza: kipande kilicho adimu kinafuatwa kwanza. Ukurasa wa 73 ukiwa kwa mtu mmoja tu, wote mnaukimbilia huo kabla hajaondoka nao. Ya pili ni nipe nikupe. Programu inawapa zaidi wale wanaoirudishia, na anayepokea tu bila kutoa anabanwa. Sasa utauliza, asiye na kitu kabisa aanze vipi? Kila baada ya sekunde 30 hivi programu humfungulia mgeni mmoja kwa kubahatisha, bila kumdai. Akishapata kipande chake cha kwanza ana cha kubadilishana.

Aliyemaliza kupokea na bado anaendelea kugawa ndiye mwenye mbegu. Anayechukua akaondoka zake anaitwa ruba, kwa sababu mnazozijua. Na ukikuta faili halina mwenye mbegu hata mmoja, kinachobaki ni vipande vilivyotawanyika kwa watu ambao hawajamaliza. Programu inakuonyesha idadi: 1.00 maana yake mkijumlishwa wote mnalo faili moja kamili. Ikiwa 0.97, kuna asilimia tatu ambazo hakuna mtu duniani aliye nazo mtandaoni kwa wakati huo. Mnaweza kukaa mwezi mzima watu 30 mmekwama hapo hapo, mnatazamana.

Nimewahi kuitwa ruba. Ilikuwa 2012, nikiwa chuo hapa hapa Dodoma, na aliyeniita alikuwa mtu wa nje nisiyemjua. Niliona aibu wakati ule lakini leo nisingeona, na hapa naomba mnivumilie kidogo.

Kabla ya Julai 2009 Afrika Mashariki yote haikuwa na mkongo wa baharini wa kutuunganisha na dunia. Tulitegemea setilaiti. Setilaiti za mawasiliano za aina ile zimekaa kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta. Ukituma kipande cha faili kutoka Dar kwenda Ulaya kinapanda 36,000 na kushuka 36,000. Na kibaya zaidi ni jirani. Kama wewe una mtoa huduma huyu na jirani yako wa Sinza ana yule, na watoa huduma hao hawajaunganishwa hapa nyumbani, kipande chako kinapanda, kinashuka Ulaya au Marekani, kinavuka kwenye waya za huko, kinapanda tena kinashuka Sinza. Kilomita 144,000 kumfikia mtu unayemsikia akikohoa ukutani! Torenti nzima imejengwa juu ya wazo la kumwomba mwenzako aliye karibu, na kwetu wa karibu alikuwa wa mbali kuliko wa mbali.

Wakenya walitangulia kulishughulikia hili. Novemba 2000 watoa huduma wa Nairobi walifungua kituo cha kubadilishana mawasiliano, KIXP, ili barua pepe ya Nairobi kwenda Nairobi isizunguke dunia. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya peke yake ya kupeleka mawasiliano nje, ikalalamika, na mwezi uliofuata mamlaka ya mawasiliano ikaamuru kituo kifungwe. Kilirudi 2002 baada ya mvutano mrefu. Nasi Dar es Salaam tukapata cha kwetu, TIX, miaka michache baadaye, na Arusha wakafuata. Ni mitambo inayoingia kwenye kabati moja, lakini bila hiyo wazo la jirani kumgawia jirani linabaki hadithi. Mkongo wa SEACOM ulipowashwa Julai 2009, na EASSy mwaka uliofuata, na mkongo wa taifa ukaanza kupanda huku bara, ndipo kasi ikaanza kufanana na kasi.

Lakini bando lilikuwa linahesabiwa. Kila megabaiti unayompa mwenzako ilikuwa inakatwa kwenye hela yako sawa sawa na ile unayopokea. Mtu wa Stockholm analipa kwa mwezi, anagawa usiku kucha na haimgharimu kitu. Mimi nilikuwa na modemu ya kuchomeka, kifurushi cha usiku kinachokwisha alfajiri, na mkopo wa chuo ambao haujatoka. Nikifika asilimia mia nachomoa. Ndiyo, nilikuwa ruba, lakini ruba wa lazima. Nipe nikupe ya Cohen inahesabu vipande tu, haina habari ya bei ya kipande kwako na kwangu.

Ila hatukuwa watu wa kutogawana. Hata kidogo! Tulikuwa tunagawana njia nyingine. Kaka yangu niliyemtaja aliagiza CD ya Ubuntu mwaka 2006. Kampuni iliyokuwa nyuma ya Ubuntu ilikuwa na mpango wa kuwatumia watu CD bure kwa posta popote duniani, nao ulidumu mpaka 2011. Bahasha ilikuja na CD kadhaa ili ugawie wenzako. Moja ilizunguka bweni zima, kila mtu anachoma yake, na wa mwisho alichoma kutoka kwa kopi ya kopi. Ni wakati ule ule ambapo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na Waswidi, walikuwa na mradi wa Kilinux na wakatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili kuanzia menyu hadi ujumbe wa kosa. Hiyo ilikuwa mwaka 2004. Niliitumia kuandikia barua ya kuomba mafunzo ya kazi. Leo ukitaka kuipata ile ya mwanzo kabisa, uanze kuulizia wazee wa CD.

Halafu wale vijana wenye meza, kompyuta moja na spika mbili pale stendi. Unampa memori kadi anakujazia nyimbo, kwa bei ya mapatano. Bluetooth kwenye basi la kwenda Singida. Flashi iliyojaa virusi ikitoka chumba namba moja mpaka cha arobaini na kurudi ikiwa na vitu ambavyo haikwenda navyo. Kwenye vibanda vya video Lufufu akitafsiri sinema kwa sauti yake mwenyewe juu ya sauti za wenyewe. Hakukuwa na waya wala seva, lakini ukiuangalia vizuri ulikuwa mtandao kamili: vipande viko kwa watu, vinakutana vikikutana. Tofauti ni kwamba hakukuwa na mihuri. Kila kopi ilipungua kidogo, majina yalibadilishwa, na hakuna aliyejua kopi ya mwanzo iko wapi.

Sasa nirudi kwenye wizi.

Sitaki kujifanya mtakatifu. Chuoni wengi wetu tulishusha vitu ambavyo havikuwa vyetu. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999, tuna COSOTA, na mwaka 2013 CD na DVD za muziki na filamu zikaanza kubandikwa stempu za TRA. Msanii wa Bongo aliyekuwa akitegemea kuuza CD aliumia kwelikweli, na aliyemuumiza hakuwa torenti wala Mswidi. Ni sisi na memori kadi zetu. Hilo nalikubali bila kona.

Lakini kuna kisa ambacho hunisumbua. Mzee Hukwe Zawose, mpiga ilimba na zeze, Mgogo wa huku huku, alikuwa na sauti iliyosikika mpaka Ulaya. Alirekodi na kampuni ya Real World ya Uingereza, ikatoka Chibite mwaka 1996 na Assembly mwaka 2002 akiwa na Michael Brook. Alifariki Desemba 2003. Mimi mtoto wa Dodoma, nilizunguka maduka ya CD ya mjini hapa nikaambulia kwaya, Kongo na Bongo Flava. Zawose nilimsikia kwa mara ya kwanza vizuri kwa mafaili yaliyoshushwa na rafiki yangu, yaliyokuwa yametoka kwenye kompyuta ya mtu wa Ulaya. Muziki uliozaliwa kilomita chache kutoka kitandani kwangu umekwenda Uingereza, ukarudi kwa mlango wa nyuma, mvulana akausikiliza kwenye spika za kompyuta huku nje upepo wa Dodoma unapiga mabati. Familia ya mzee haikupata hata senti kwa usikilizaji wangu ule. Baadaye nilipoanza kazi nilizinunua zote mbili, lakini sidhani kama hilo linafuta la kwanza. Nalo swali la kwa nini hazikuwepo dukani Dodoma halimhusu mshushaji peke yake.

Na sasa ile sababu niliyosema nitaifikia.

Mwaka 2013 mimi na wenzangu wawili tulizunguka vijiji vya Chamwino na Bahi tukirekodi wazee. Tuliwauliza kuhusu Operesheni Dodoma, ile ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu walipohamishwa kuingia vijiji vya ujamaa. Tulikuwa na kinasa sauti kimoja cha kuazima. Tulipata mafaili 14, kama saa tisa kwa jumla, yote yanaingia kwenye CD moja na nafasi inabaki. Tulitumia kidogo kwenye kazi ya darasa, tukapata alama zetu, tukaendelea na maisha. Yote 14 yalikuwa kwenye kompyuta yangu mimi. Mwaka 2016 diski ikaanza kugonga, tok, tok, tok, na fundi niliyempelekea alinirudishia ikiwa haina kitu.

Wengine mnaofanya kazi hii mnajua hisia ile. Sikulala. Wazee wanne kati ya wale walikuwa wameshafariki.

Ilinichukua karibu miaka miwili kukusanya. Mwenzangu mmoja yuko Mwanza, alikuwa na mafaili matano ya mwanzo kwenye flashi ya zamani, namba 1 mpaka 5. Dada tuliyesoma naye, siku hizi anafanya kazi Muscat, alikuwa amechoma CD ya namba 5 mpaka 12 akaenda nayo bila kukumbuka. Akaitafuta kwenye sanduku, akaikuta imechubuka: namba 7 na 9 hazisomeki. Na wa mwisho ni dereva wa bajaji wa Chang'ombe, hapa hapa mjini, ambaye babu yake tulimrekodi. Tulimwekea kwenye memori kadi kama zawadi, akaihamisha kutoka simu moja hadi nyingine miaka yote ile ili amsikie babu. Yeye alikuwa na 9, 13 na 14.

Jumlisheni wenyewe. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa nayo yote. Wote pamoja wana 13 kati ya 14. Kwa lugha ya torenti, 0.93.

Kwa hiyo kijana aliponiuliza mbona silizimi, nilitaka kumweleza haya, ila simu ya mkurugenzi ikaita.

Kwa wanaotaka kuanza, mambo machache tu. Tafuta programu isiyo na matangazo, qBittorrent kwa mfano. Punguza kasi ya kutoa kwenye mipangilio, vinginevyo hata kufungua barua pepe kutakushinda. Kama bando lako linahesabiwa, gawa mpaka urudishe kiasi ulichochukua, yaani uwiano wa 1.0, kisha pumzika bila aibu. Fahamuni pia kwamba torenti haina siri: kila mnayebadilishana naye anaiona anwani ya mtandao wako. Anzeni na vitu halali, vipo vingi: Ubuntu na ndugu zake, Wikipedia ya Kiswahili ya Kiwix, na hazina za Internet Archive, ambao tangu 2012 wanatoa mafaili yao kwa torenti. Wala msiitegemee kwa kila hali. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini na ikakaa siku kadhaa. Torenti zangu zote zilisimama, na habari zilitembea kwa memori kadi kama enzi zile za stendi.

Zile rekodi nimerudi nazo vijijini kuomba ruhusa ya familia kabla ya kugawa chochote, jambo ambalo 2013 hatukulifikiria hata kidogo. Familia 11 zimekubali. Moja imekataa, na nimeheshimu. Moja sijaipata, wamehamia Manyoni. Hizo 11 nimezifungia torenti, na mpaka leo asubuhi wenye mbegu tuko watatu: mimi, Mwanza na Muscat. Dereva wa bajaji nimemwekea kwenye memori kadi mpya.

Inayokosekana ni namba 7. Ni bibi mmoja wa Bahi, dakika 41, anaeleza siku waliyoiacha tembe yao na ghala likiwa na mtama ndani, na katikati anaimba kidogo kwa Kigogo. Alifariki 2015, na wajukuu zake wameniuliza mara mbili. Tulichoma CD kama sita hivi mwaka ule na kuzigawa hosteli, zimeandikwa WAZEE 2 kwa kalamu ya bluu. Faili linaweza kuwa bado linaitwa 07, au mtu amelibadilisha jina, lakini linaanza na jogoo anawika mara mbili na sauti yangu ikisema "samahani bibi, turudie".